Gari la Viti Viwili la Bwana Shamba

Kwenye matanga watu walimsema vizuri Bwana Shamba, na walimsema sana. Mmoja alieleza alivyofundishwa naye kupogoa mikorosho. Mwingine alieleza alivyofukuzwa kwenye shamba lake mwenyewe kwa sababu alivaa kandambili siku ya kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Watu walicheka msibani, jambo ambalo marehemu angelipenda. Mimi nilikaa na wanawake wenzangu nikachambua mchele, nikanyamaza. Habari niliyo nayo juu yake ina kosa langu ndani, na sikuweza kulisema mbele ya watu wale. Nimesoma hadi darasa la saba na kazi yangu ni cherehani. Nitaandika nilichokiona.

Sitamtaja jina, kwa sababu hata sisi majirani zake hatukulitumia. Jina lake lilikaa kwenye barua za serikali. Newala nzima alikuwa Bwana Shamba, hata alipostaafu, hata alipoletwa bwana shamba mwingine ambaye mpaka leo anaitwa "yule mpya". Mkewe peke yake alimwita Baba Salima.

Alikuwa na tabia ya kugeuza vitu. Kazi yake ilimfundisha kwamba wadudu hukaa chini ya jani, basi kila kitu kwake kilikuwa na chini yake. Alivaa kioo cha kukuzia shingoni, amekifunga kwa kamba ya kiatu. Akifika kwako, kabla hajakaa, alikuwa ameshageuza jani la mkorosho wa uani. Aligeuza sahani kabla ya kupakuliwa chakula. Aligeuza madaftari ya watoto akaangalia nyuma, wanakochora. Suruali nikimshonea, aliigeuza ndani nje palepale kwenye baraza yangu, akafuata kila mshono kwa kidole. Akikuta kosa alilisema. Asipokuta, aliikunja, akaiweka kwenye mfuko, akalipa, akaenda zake.

Mwaka wa kwanza nilidhani hapendi kazi yangu. Nikamuuliza Mama Salima, mkewe.

"Amesema chochote?" akaniuliza.

"Hajasema."

"Basi furahi, Mama Zuhura. Mimi nimempikia tangu Salima hajazaliwa, na sifa zangu zote ni hizo hizo za kimya."

Alikuwa mkali juu ya mali ya serikali kuliko serikali yenyewe. Alipewa pikipiki ya kuzungukia mashamba, na kwenye pikipiki ile hakupanda mtu asiye wa kazi. Mkewe hakuipanda hata siku moja. Wanawake wa mtaa wetu tuliona mara nyingi. Mama Salima anatoka shambani, mzigo wa mihogo kichwani, pikipiki inakuja nyuma yake. Bwana Shamba anapunguza mwendo.

"Umeshindaje, Mama Salima?"

"Salama, Baba Salima. Kazi?"

"Njema."

Kisha anaondoka na vumbi linabaki kwetu. Tulimcheka Mama Salima. Tulimwambia mumeo ana adabu, anasalimia. Alijibu, "Kweli. Sijawahi kupitwa bila salamu."

Kuna kisa kimoja Mama Salima alinisimulia mwenyewe. Zamani, Bwana Shamba alipokuwa bado anafanya kazi upande wa Masasi, mama yake Mama Salima aliugua kule Lupaso. Mama Salima alishuka kwenye basi, akaanza kutembea na kikapu chake. Njiani pikipiki ikampita, na salamu zake kama kawaida, kwa sababu siku hiyo mumewe alikuwa na kazi ya kukagua mashamba ya Lupaso. Alipofika kwao jioni, miguu imevimba, alimkuta ameshafika kitambo. Alikuwa amechota maji, ameyapasha moto, amemwekea kwenye beseni ili aloweke miguu. Hakusema samahani. Alisema, "Yasipoe."

Nilithubutu kumuuliza Bwana Shamba siku moja kwa nini asimbebe tu, nani angeona. Akanijibu, "Pikipiki ina nembo ubavuni, Mama Zuhura. Mimi ningeona."

Baadaye mambo yakafunguliwa. Ushirika ukalegea, wanunuzi wa korosho wakaja na malori yao, kila mmoja na bei yake. Salfa tuliyozoea kukopeshwa ikawa ya dukani. Mitumba ikashuka Newala kwa mabelo, na mimi niliyekuwa nashona magauni ya sikukuu nikawa mtu wa kupunguza viuno vya suruali za Wazungu. Pikipiki ya Bwana Shamba ilikosa petroli, kisha ikakosa matairi, kisha ikabaki ukutani ofisini. Alizunguka mashamba kwa miguu mpaka alipostaafu.

Katika miaka hiyo alikuwa na somo moja alilolirudia nyumba kwa nyumba. Mikorosho ikichanua, watu wenye shida walikuwa wanauza maua. Maana yake, mnunuzi anakuja korosho bado haijazaliwa, anakupa pesa kidogo, na msimu ukifika mavuno yote ni yake. Bwana Shamba alilichukia jambo hilo kuliko ubwiriunga wenyewe, ule ugonjwa unaofanya maua yawe kama yamenyunyiziwa unga. Alisimama uani kwako na kusema, "Maua si korosho. Anayenunua maua yako anakununua wewe." Mume wangu alitaka kuuza mwaka ambao Zuhura alikuwa anaingia sekondari. Bwana Shamba alikaa naye siku mbili mfululizo, akamtafutia kibarua cha kupulizia salfa kwa watu, na hatukuuza. Hilo sijalisahau.

Alipopata mafao yake kila mtu alikuwa na ushauri. Wengine walimwambia mashine ya kusaga, wengine kiwanja Mtwara. Yeye akanunua gari, tena si gari la mzigo. Alilichagua kwenye picha kwa dalali mmoja Dar es Salaam, likaja na meli kutoka Japani. Lilikuwa gari la mashindano, rangi ya fedha, milango miwili, viti viwili, na nyuma ya viti sehemu ndogo ya kuweka mizigo. Lilikuwa chini kiasi kwamba kuku wa Newala walishangaa. Watoto waliliita Mjusi.

Siku alipoliingiza mtaani, jirani mmoja aliyekuwa dereva wa gari la serikali alilizunguka na kuuliza, "Mzee, na sisi wengine tukae wapi?"

"Wewe ulikaa sana kwenye la serikali," akajibu. "Hili lina viti viwili."

Kiti cha pili kilikuwa cha Mama Salima. Hakukaa mtu mwingine. Mnunuzi mkubwa wa korosho, gari lake likiwa limeharibika, aliomba lifti mpaka Masasi mbele ya watu wote. Bwana Shamba akamwambia kwa upole, "Kiti kina mwenyewe," akaondoka na kiti kitupu.

Lilikuwa linatumia petroli na umeme pamoja. Alituchorea mchangani kwa kijiti. Injini inakula petroli kama gari lolote. Lakini likishuka mlima, magurudumu yanazungusha mota na umeme unaingia kwenye betri kubwa iliyoko nyuma ya viti. Likipanda, betri inaisaidia injini. Jambo hilo lilimfurahisha mno. "Mlima wa Newala ulikuwa unatumaliza sisi miaka yote," alisema. "Sasa nikishuka Masasi unanilipa."

Na lilikuwa linasema. Ukiwasha, sauti ya mwanamke inatoka ndani na kusema maneno ya Kijapani, taratibu, kwa heshima. Hakuna aliyejua anasema nini. Mama Salima alimjibu kila asubuhi, "Marahaba." Bwana Shamba akicheka, Mama Salima alimwambia, "Huyu mke mwenzangu anajua kusalimia bila kupita na pikipiki."

Ukweli ni kwamba gari lile halikumfaa Mama Salima. Alikuwa mnene na magoti yake yalikuwa yameanza kukataa. Kuingia ilibidi atangulize makalio kama mtu anayeingia kwenye pipa, na kutoka ilibidi avutwe. Mumewe alimvuta kwa mikono miwili, wote wawili wakiguna, na watoto wakihesabu moja, mbili, tatu. Nilimuuliza kama anaumia. "Naumia," alisema. "Lakini nimechoka kusalimiwa njiani."

Safari ya kwanza walikwenda Lupaso, kuzuru kaburi la mama yake. Aliporudi Mama Salima alikuja barazani kwangu, akaketi. "Tumepita njia ile ile," alisema. "Nikamwambia, Baba Salima, pale penye daraja ulinisalimia. Akasema, najua." Basi.

Gari lilianza kudai mapema. Bampa la mbele liling'oka kwenye tuta la mchanga kabla halijamaliza mwezi. Matairi yake yalikuwa membamba kama chapati juu ya rimu kubwa. Moja likipasuka Masasi hawana, Mtwara hawana, mpaka liletwe na basi kutoka Dar es Salaam, na gari limekaa juu ya mawe wiki nzima. Shokapu zilikufa, zikaja nyingine, zikafa. Hata oili yake haikuwa hii ya madumu. Watu wakikutana na Bwana Shamba waliuliza kwanza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Alijibu, "Anakula vizuri." Kuhusu petroli alisema kweli, lilikunywa kidogo sana. Lakini kila alichookoa kwenye petroli kilikwenda kwenye miguu ya gari, na yeye aliyewaambia watu hesabu majani kabla hujanunua ng'ombe, hilo alilijua. Nilimwona siku moja amelala kifudifudi chini ya ubavu wa gari, kioo chake cha kukuzia jichoni, anakagua bushi kama anakagua jani.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Vumbi la kwetu ni jekundu na laini, linaingia hata ndani ya yai. Bwana Shamba alikuja na gari barazani kwangu, akaniomba nimshonee vitambaa vya kufunika viti na ile sehemu yote ya nyuma, vikae vizuri, vumbi lisipite. Nilipima ndani ya gari likiwa limewashwa, kwa sababu alikuwa anatoka. Nyuma ya kiti cha dereva, upande wa chini, niliona tundu lenye vipande vyembamba vya plastiki, kama kichungi. Nilipopeleka kitambaa karibu, kilivutwa. Kilinata pale kama mdomo wa mtoto kwenye titi.

Aliyezaliwa nyanda hizi atanielewa. Sisi hatuna mito juu huku. Wazazi wetu walishuka bondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani, na aliyejaliwa alijenga tangi la maji ya mvua kando ya nyumba. Nilipokuwa mdogo kazi yangu nyumbani ilikuwa kufunga kitambaa kwenye mdomo wa tangi, majani na vumbi visiingie. Ukiacha tundu wazi unachapwa, kwa sababu nyumba nzima itakunywa uchafu mpaka masika. Kwa hiyo nilipoliona tundu lile linavuta, sikuwaza mara mbili. Nikasema moyoni, kumbe vumbi linapitia hapa. Nikalishonea kipande chake peke yake, kitambaa kigumu mikunjo miwili, na vifungo vya kubonyeza pande zote nne. Sikumuuliza mwenye gari tundu lile ni la nini. Sikumwambia hata kwamba nimeliona.

Siku ya kuchukua, aligeuza vitambaa vyote ndani nje, akafuata kila mshono kwa kidole. Hakusema kitu. Nikamfungia ndani ya gari mwenyewe, nikabonyeza vifungo kimoja kimoja. Nilifurahi siku nzima.

Joto lilipokuja, kabla ya mvua, gari likaanza kuchoka. Mlima lililokuwa linapanda linaimba sasa lilipanda linakoroma. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, na chini yake maandishi ya Kijapani. Bwana Shamba alikaa kwenye kiti na penseli akayanakili yale maandishi kwenye karatasi, mstari kwa mstari, kama anachora mdudu. Akaipeleka karatasi kwa fundi wa Masasi. Fundi akaitazama, akafungua nyuma, akaona nyaya nene za rangi ya chungwa, akafunga.

"Mzee, hizi za machungwa mimi sizigusi," alisema. "Nina watoto."

Ikabidi gari liende Dar es Salaam juu ya lori la korosho. Kule wakamwambia betri kubwa imekufa, ipatikane nyingine, na hata hiyo nyingine ni ya mtumba. Kwa bei yake mtu wa Newala alikuwa anaezeka nyumba ya vyumba vitatu kwa bati jipya. Mafao yalikuwa yamekwisha.

Mwezi ule mikorosho ilikuwa bado maua. Jioni moja mume wangu alirudi, akakaa kitandani bila kuvua viatu. "Nimemwona Bwana Shamba anauza maua," aliniambia. Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka.

Aliuza shamba zima, mikorosho yote. Na kama kwa kumkomoa, msimu ule mikorosho yake ilizaa kuliko ya mtu yeyote. Nilipita siku wanapakia. Alikuwa anawasaidia. Alikaa kwenye gunia akachagua korosho mbichi na kuzitupa pembeni, akageuza moja moja, kama vile zilikuwa bado zake.

Gari lilirudi na betri nyingine. Mama Salima akapelekwa Lupaso kabla ya mvua. Lakini neno la Bwana Shamba lilikuwa limepungua uzito. Mwaka uliofuata alisimama kwenye uwanja wa kijana mmoja akaanza, "Maua si korosho," na kijana akamjibu, "Shikamoo Bwana Shamba. Hata wewe uliuza, tena wewe uliuzia gari la mashindano." Watu wakacheka. Nilikuwepo. Alisubiri wamalize kucheka, akageuza jani moja la mkorosho uliokuwa karibu, akaondoka. Kijana aliuza. Wakauza na wengine.

Mwaka ule ule hakuniletea suruali. Nilimwona amevaa suruali mpya ambayo mguu mmoja ulikuwa umepinda, nikajua si yangu. Nilidhani ni shida ya pesa, au bei yangu imepanda. Mwaka mwingine akarudi na kitambaa chake mkononi kama zamani, nikampima kiuno. Alikuwa amepungua.

Magari ya petroli na umeme yakawa mengi, ya kawaida, ya viti vinne. Na mimi, baada ya kazi ile ya Bwana Shamba, nikawa najulikana kwa vitambaa vya magari. Akaja dereva mmoja kutoka Tandahimba. Nilipopima nikaona tundu lile lile, nikamwambia hapa nitakuzibia vizuri, na vifungo. Akaruka.

"Hapana, mama. Hapo usiguse. Hiyo ni pua ya betri. Inavuta hewa ipoe. Ukiiziba inaiva, inakufa."

Nilimaliza kazi yake. Sijui nilimalizaje. Usiku ule nilimwambia mume wangu. Akasema, "Limeshapita, Mama Zuhura. Ukisema utamfufua maumivu tu." Nililipenda shauri lile kwa sababu lilikuwa rahisi. Nikakaa nalo misimu miwili ya korosho. Katika misimu hiyo miwili nilimshonea Bwana Shamba suruali tatu, naye alizigeuza zote, akafuata mshono, akanyamaza. Kila aliponyamaza nilitamani akute kosa.

Wiki tatu kabla hajafariki nilisikia tena watu wakimcheka kwenye baraza ya duka, Bwana Shamba na Mjusi wake, na nikajisikia vibaya kiasi cha kushindwa kushona. Nikafunga cherehani, nikaenda kwake mchana ule ule.

Nilimkuta uani kwenye kigoda, koti juu ya mabega ingawa kulikuwa na joto. Gari lilikuwa mbele yake, chini ya banda. Mama Salima alikuwa amejilaza kwenye mkeka ndani, mlango wazi.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, Mama Zuhura. Karibu. Huna suruali mkononi, basi una neno."

"Ninalo," nilisema. Sikukaa. "Betri ya gari lako niliiua mimi."

Hakuinua macho. "Endelea."

Nikamweleza. Tundu, kitambaa kilivyovutwa, mikunjo miwili, vifungo vinne, tangi la nyumbani kwetu, dereva wa Tandahimba. Nikamwambia na misimu miwili niliyonyamaza, kwa sababu hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kosa.

"Wewe umejua misimu miwili," alisema. "Mimi nilijua kule kule Dar es Salaam. Fundi alifunua kitambaa akaniuliza, mzee, nani kaliziba pua hili gari? Nikamwambia ni mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikasirika."

Alilisema kama anavyosema mvua imechelewa.

"Nilikasirika sana. Kwenye basi nilitunga maneno ya kukuambia. Mpaka Nanganga nilikuwa nayo mengi, makali. Kufika Masasi nikayapitia, nikaona yote yatakufanya uache kushona. Basi suruali zangu nikazipeleka kwa yule fundi wa stendi."

"Mwaka mzima," nikasema.

"Mwaka mzima. Anashona vibaya yule bwana. Mguu mmoja ulikuwa unakwenda Masasi na mwingine Tandahimba."

Mama Salima akacheka kule ndani. "Nilimwambia arudi kwa Mama Zuhura au atembee uchi!"

Nililia kidogo, na alingoja nimalize. Nikamwambia kwamba watu wanamsema kwa ajili ya maua yale, na kwamba nitakwenda kuwaambia wote, baraza kwa baraza, kuwa chanzo ni mimi.

"Utawaambia nini?" aliuliza, na hapo sauti yake ilikuwa ya zamani, ile ya kufukuza watu wenye kandambili. "Kitambaa hakikuuza maua. Niliuza mimi. Ningeweza kuliacha gari hapo chini ya banda likaota kutu. Nilitaka kumpeleka Mama Salima Lupaso kabla ya mvua, nikauza. Ukiwaambia, waambie hivyo."

Basi hapa, kwa maandishi, nawaambia hivyo.

Kisha akasimama, akashika mlango wa gari, akaniambia nizunguke upande wa pili. Nikasita. "Kiti kina mwenyewe," nikasema.

"Kaa, Mama Zuhura," Mama Salima akaita. "Magoti yangu yameshakiachia."

Nikaingia, makalio kwanza. Bwana Shamba akaketi kwenye usukani akawasha. Yule mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake, taratibu, kwa heshima.

"Marahaba," akaitika Mama Salima kutoka mkekani.

Tulikaa na gari likinguruma palepale kwa muda, jua likilipiga ubavuni. "Weka mkono nyuma," aliniambia. Nikanyoosha mkono nyuma ya kiti chake. Kitambaa changu kilikuwepo, na vifungo vyangu vinne, lakini katikati kilikuwa kimekatwa mraba, kwa kisu kikali, kile cha kuunganishia miche. Kingo zake zilipindwa kwa mishono mikubwa ya kwenda huku na huku. Hewa ilipita kwenye kiganja changu ikiingia ndani, baridi kidogo, bila kukoma.

"Nilikata mimi," alisema. "Kupinda alipinda Mama Salima, kwa sindano ya magunia. Ukipata nafasi, kipinde vizuri."

Nilifungua vifungo nikakichukua. Nilikifumua siku ile ile, nikakipinda upya kwa uzi wa rangi ile ile, nikamrudishia kabla jua halijazama. Alikipokea akiwa amesimama mlangoni. Akakigeuza upande wa ndani, akafuata mshono kwa kidole pande zote nne, polepole kuliko zamani, mpaka alipoanzia. Akakikunja, akakiweka kwenye mfuko wa koti, akaingia ndani.